Hapana Uliyoisema Umesimama

Mwanangu Minza,

Umeondoka na Bibi sasa hivi kwenda Kirumba kununua ndoo, kufuli la tranka na zile kandambili ambazo Bibi anasema lazima ziwe na mikanda migumu. Mimi nimebaki kwa kisingizio cha kuanua dagaa. Dagaa nimekwisha kuwaanua, na kuna jambo lingine nimelifanya ambalo nitakusimulia mwishoni. Sasa nimepanda juu ya jiwe letu, nimekaa upande wenye kivuli, nakuandikia. Kesho asubuhi unaondoka, na wewe unanijua. Mambo ya maana nikitaka kuyasema kwa mdomo yananikimbia, najikuta nazungumzia sabuni na mswaki.

Kwa hiyo ya sabuni na mswaki sitayaandika. Hayo Bibi atayasema njia nzima ya kwenda na njia nzima ya kurudi, na kesho atayarudia stendi. Wewe itika tu.

Hapana, ngoja. Usiitike tu. Hilo ndilo ninalotaka kukuandikia.

Jana jioni tulikuwa tunafua sare yako mpya ili itoke ule ugumu wa dukani. Nikakuuliza kama unaogopa. Ukasema huogopi. Ukakamua shati, ukalikung'uta, kisha ukasema bila hata kunitazama:

"Mamdogo, mimi kule nitanyamaza tu kama ulivyonyamaza wewe. Mbona ulimaliza salama."

Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayeona wenzake wamepita njia fulani, naye anaamua kupita hapohapo. Nikajibu, "Haya," nikaendelea kusuuza soksi. Unaona? Hata hapo niliitika. Lakini neno lako nimelala nalo na nimeamka nalo, na ninataka nikujibu kabla hujapanda gari.

Kwanza neno "mwanangu", maana wenzako bwenini wakiiona barua hii watauliza ni mama gani huyo ana miaka kumi na tisa. Waambie mama yako mzazi, dada yangu Holo, yuko Ukerewe na baba yako katika biashara ya dagaa, na kila sikukuu anakuja na magunia mpaka nyumba nzima inanuka dagaa na furaha. Waambie shuleni tulifundishwa neno mpwa, lakini hapa Pasiansi sijamsikia mtu akimwita mtoto wa dada yake mpwa. Ni mtoto wako, basi. Wewe hujatimiza miaka mitatu, mimi ndiyo kwanza naingia darasa la kwanza, Bibi akanifunga kitenge mgongoni na wewe ukiwa ndani yake, akasema, haya, huyu ni wako mpaka nirudi kutoka sokoni. Tangu hapo sijui kama amewahi kurudi sawasawa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikutana na maneno "look after" katika kitabu. Nilijua "look" ni kutazama na "after" ni baada, au nyuma. Wenzangu walihangaika, wakadhani mtu anatazama nyuma yake. Mimi nilielewa palepale kwamba ni kutunza, kwa sababu nilikukumbuka wewe. Kazi yangu ilikuwa kukutazama, na wewe daima ulikuwa nyuma yangu, ukinivuta nywele.

Na unakumbuka ule mkutano wa wazazi wa darasa la saba, mwaka jana katika likizo yangu ya katikati ya mwaka? Mawingu yalikuwa yamejaa na Bibi hakuweza kuwaacha dagaa wake nje, akanituma mimi. Nikavaa sare yangu ya shule, maana ndiyo sketi pekee ambayo Bibi aliona inafika mahali pa heshima. Pale getini mwalimu wa zamu akanikemea kwa kuchelewa, akanielekeza nikaokote takataka na wenzangu. Niliokota. Niliokota mpaka wewe ulipochungulia dirishani ukapiga kelele kwamba huyo ni mzazi. Nilipokaa kwenye benchi la wazazi walinicheka kwa upendo, nami nikadhani yamekwisha. Kumbe mwalimu mkuu alitaka wazazi wa watoto wanaofanya vizuri waseme neno. Akataja jina lako. Nikasimama. Nikasema, "Asante," nikakaa, na kwa haraka yangu nikamkalia yule mama wa jirani mapajani. Njia nzima ulicheka. Ulisema mimi ndiye mzazi bora, kwa sababu wengine wote walihutubia.

Basi huyo ndiye unayetaka kumuiga.

Nikusimulie nilivyofika hapo. Siku ninakwenda kidato cha kwanza, daraja la kuvuka ziwa lilikuwa halijakamilika. Tulisubiri pantoni pale Kigongo. Bibi alinisindikiza mpaka ukingoni, akaninunulia mayai ya kuchemsha na muhogo wa kukaanga. Nikalia, nikala, nikalia tena, nikanawa uso ziwani, na pantoni bado iko upande wa Busisi inapakia malori. Mtu alikuwa na nafasi ya kuaga. Wewe kesho utapita juu ya maji kwa dakika chache, kabla hata hujafungua mfuko wa karanga. Ukitaka kulia, anza mapema, anzia Usagara.

Darasa la saba tulikuwa tunasoma kila kitu kwa Kiswahili, isipokuwa kipindi cha Kiingereza, na hicho nacho mwalimu alikifafanua kwa Kiswahili. Ukifika kidato cha kwanza, moyo, mapafu na figo vyote vinabadilishwa majina kwa siku moja. Wiki ile ya kwanza mwalimu wa jiografia aliandika ubao mzima, akajifuta chaki mikononi, akasema, "Carry on," akatoka. Wenzangu wakainama kwenye madaftari. Mimi "carry" nilikuwa naijua, ni kubeba. Na mimi ni mtoto mtiifu. Nikatazama huku na huku nione kipi cha kubebwa, nikaona rundo la madaftari juu ya meza yake. Nikalibeba lote, nikamfuata mbio mpaka ofisi ya walimu.

Akageuka, akaniuliza kitu kwa Kiingereza. Nikapiga goti nusu, kama Bibi alivyotufundisha kumsalimu mkubwa, nikasema, "Yes, madam." Akauliza kingine. "Yes, madam." Walimu wengine wakaacha chai zao wakatugeukia. Akauliza cha tatu, polepole, neno moja moja. "Yes, madam." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba swali la tatu lilikuwa hivi: je, wewe unaitikia yes kila ninachosema?

Mpaka jioni bweni zima lilikuwa linaniita Yesmadam. "Carry on" maana yake ni endelea. Na kweli niliendelea, miaka minne.

Usidhani nilikuwa mjinga. Nilikuwa na adabu, tena ya kufundishwa. Kwetu mtoto wa kike akiitwa huitika abee. Akitumwa husema ndiyo. Mkubwa akiuliza kama umesikia, umesikia. Darasani ikawa ni wimbo. Mwalimu anauliza, "Have you understood?" na sisi wote, benchi la kwanza hadi la mwisho, tunajibu, "Yes, teacher," sauti zinapanda na kushuka pamoja kama kwaya ya Pasaka. Mwalimu anafurahi, sisi tunafurahi kwamba mwalimu amefurahi, na somo limekwisha kwenda zake bila mtu kulishika.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Lakini mara moja kiliharibika, na hili nilikusimulia juujuu tu, sasa nalisimulia lote.

Kidato cha tatu niliandika insha kuhusu pimbi wanaoota jua kwenye jiwe letu. Mwalimu wa Kiingereza akaipenda. Shule ilitakiwa kumpeleka mwanafunzi mmoja Bukoba kwenye mashindano ya uandishi, akanipendekeza mimi. Mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa mama mpole, aliyejua kwamba mimi naogopa watu. Akaniuliza kwa upole kabisa kama ningependa ku-"turn it down". Alisema hatanilazimisha. Nikasikia "turn", naijua, ni kugeuka. Nikasikia "down", naijua, ni chini. Nilizijua zote mbili kila moja peke yake, lakini zilipokuja zimeshikana mikono sikuzijua. Minza, nilikuwa na nafasi ya kuuliza. Alikuwa amenyanyua kalamu, ananisubiri. Feni ilizunguka pale juu nami naitazama.

Nikasema, "Yes, madam."

Akahuzunika kidogo, akaandika kitu, akaniambia niende salama. Mimi nikatoka nikiruka. Niliwaambia bweni zima kwamba ninakwenda Bukoba. Nikafua, nikapanga begi, nikaazima koti la mvua kwa sababu wanasema Bukoba hakukauki. Ijumaa asubuhi nikasimama getini na begi langu. Gari la shule likaja, akapanda msichana mwingine, mlango ukafungwa. "Turn down" maana yake ni kukataa. Nilikuwa nimeikataa Bukoba kwa mdomo wangu, tena kwa heshima zote.

Unajua nilifanya nini? Nilipunga mkono. Nilipunga kwa nguvu na begi likiwa begani, ili watu wadhani nimekuja kumsindikiza. Kumsindikiza mtu ni "see off". Hiyo nayo siku hiyo niliielewa bila mwalimu. Alirudi na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, akanipa chote kwa huruma. Sikulala siku mbili, nadhani nusu ilikuwa kahawa na nusu ni Bukoba.

Nimeifikiria sana safari ile. Sikuikosa kwa kutojua maneno mawili. Kutojua ni kwa kila mtu, ndiyo maana kuna shule. Niliikosa kwa sababu nilijua kwamba sijui, na nikaitika.

Sasa nikukumbushe ya kwako, maana naona umeyasahau, au umeyakumbuka kwa upande mbaya.

Mwezi wa kumi na mbili, mimi nimemaliza kidato cha nne na nimerudi nyumbani, wewe uko tuisheni kwa Mwalimu Bahati, kwenye lile banda la mabati chini ya kanisa, mnajiandaa na kidato cha kwanza. Siku ile aliandika ubaoni "give up", "give in", "give out" na "give away", akazisoma mbio kama anayeita majina ya abiria, akauliza, "Have you understood?" Kwaya ikajibu, "Yes, sir." Ndipo wewe ukasimama. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba nakuona. Ulisimama ukanyoosha sketi, ukasema, "No, sir."

Halafu banda zima likacheka, na Mwalimu Bahati mwenyewe akacheka, nadhani kwa mshangao. Mtu wa nyuma akaiga sauti yako. Ukaliacha begi lako hapohapo, ukaja nyumbani unalia, ukamwambia Bibi kwamba sekondari huitaki tena, utabaki kuanika dagaa naye mpaka uzeeke.

Mimi nilikaa mlangoni nikiogopa Bibi atasema nini. Wewe umemwambia mwalimu hapana, tena mbele za watu. Bibi aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Kisha akauliza:

"Ulipomwambia, ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Nilisimama, Bibi."

"Mikono ilikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Basi ni adabu," akasema, akarudi kwenye mchele wake. "Hapana ya kukaa ndiyo mbaya. Hapana ya kusimama haina neno."

Nilisikia kitu kinafunguka kifuani. Miaka minne yote mimi nilidhani kuna kuitika na kuna utovu wa adabu, basi, hakuna njia ya tatu. Kumbe ilikuwepo nyumbani kwetu, na Bibi hakuwahi kuitaja kwa sababu mimi sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake ndipo tulipoanza masomo ya jiwe. Wewe hukutaka kurudi tuisheni, nami sikuwa na ubao, ila jiwe lipo na mkaa upo. Tuliandika "give up" kwa herufi kubwa. Ukaniuliza inakuwaje, "give" ni kutoa, "up" ni juu, halafu vikikaa pamoja vinakuwa kukata tamaa. Nikakuuliza, na sisi je, tunapokata tamaa tunaikata kwa kisu gani? Ukacheka. Tukahesabu: tunakata tiketi, tunakata kiu, tunakata shauri, tunakata rufaa, na kisu hakipo hata kimoja. Kila lugha ina vituko vyake, ila vya kwetu tumevizoea.

Halafu nikakuambia kile nilichokigundua mwenyewe, ambacho hakimo katika kitabu chochote nilichosoma. Lile neno dogo la nyuma, hilo "up" au "off" au "out", ni mtoto mgongoni. Mtu asiye na mtoto anakwenda anakotaka. Mfunge mtoto, tayari ni mtu mwingine, na njia yake ni nyingine. "Give" peke yake ni mkarimu, anatoa. Mbebeshe "up", amekata tamaa. Mbebeshe "in", amesalimu amri. Mbebeshe "away", anagawa bure. Mama ni yuleyule, lakini usimtazame yeye peke yake, chungulia ni nani yuko mgongoni. Ulinielewa upesi. Na ungeachaje kuelewa, wakati wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa "up" wangu.

Tuliandika mpaka jiwe likajaa. Mjusi yule mwenye kichwa chekundu na mkia wa buluu akachagua kulala juu ya "lie down", na hakuna aliyemwambia. Sukari ilipoisha uliandika "we have run out of sugar", ukamwita Bibi aje aone, akaona kweli sukari imeisha hata kwa Kizungu. Na siku alipoanika shuka lake jeupe pale juu bila kutazama, alilianua likiwa limepigwa chapa ya mkaa, maneno yamegeuka kinyumenyume. Akalinyoosha mbele yetu akauliza shuka lake linasema nini. Tukamwambia linasema asikate tamaa. Akasema yeye hajakata tamaa ila atatukata sisi, na tukalifua mara tatu.

Wale waliokucheka nilikuandikia pia. "Look down on" ni kumdharau mtu, "look up to" ni kumheshimu na kutaka kuwa kama yeye. Ukaniuliza, kwa hiyo wale wana-"look down on" mimi? Nikasema ndiyo. Hapo nilikosea, na siku chache tu baadaye nikajua.

Nilikuwa dukani nanunua mafuta ya taa nikakutana na Farida, yule binti wa fundi cherehani mnayesoma naye tuisheni. Aliniamkia haraka haraka, shikamoo dada, kabla sijaitikia vizuri akaniuliza:

"Minza atarudi lini? Mwambie arudi. Siku hizi mwalimu anakwenda mbio, hakuna wa kumsimamisha."

Nikamuuliza, "Si mlimcheka?"

"Tulimcheka, ndiyo," akasema, anachora chini kwa kidole cha mguu. "Lakini mwalimu alirudia somo lote. Mimi ndiyo siku niliyoelewa."

Nilirudi nikakuambia, unakumbuka, ukasema Farida ana kiherehere. Lakini kesho yake uliamka mapema ukapiga sketi yako pasi mwenyewe. Ulirudi. Na Farida aliniambia baadaye kwamba ulisimama tena mara nyingi, mpaka Mwalimu Bahati akawa akimaliza kueleza anageuka kwako kwanza, anasubiri.

Sasa, mwanangu, utafika shule mpya ambako hakuna anayekujua. Huko hakuna Farida. Watajibu "Yes, teacher" kwa sauti moja, nawe utasikia jinsi sauti ile inavyovuta, ni tamu kweli, unaweza kujificha ndani yake miaka minne. Ulisema mimi nilimaliza salama. Nilimaliza, ndiyo. Siku ya mwisho yule mwalimu wa jiografia alinishika mkono akaniambia, kwaheri Yesmadam, kisha akacheka akaniuliza jina langu halisi ni nani. Nikamwambia ni Kabula. Akasema ni jina zuri, angependa kulijua mapema. Hakuna aliyeniumiza pale. Nilipita tu, kama mvua ya upande wa pili wa ziwa, ambayo watu wanaiona na haiwafikii.

Sitaki upite hivyo. Sisemi uwe unabisha kila kitu. Ukielewa, itika kwa raha zako. Na sisemi hutachekwa. Utachekwa. "Get over" ni kupona jambo na kuendelea, na nimeona wewe unapona mapema, siku chache tu na pasi ya mkaa. Mimi Bukoba ndiyo naipona leo.

Ndiyo, leo. Sasa nikusimulie lile nililofanya mlipoondoka.

Unajua Mwalimu Bahati alikutuma uniulize kama ninaweza kumsaidia kufundisha wanaoanza, wale wadogo, wakati ninasubiri matokeo. Nilikutuma umwambie nitafikiria. Umemwambia hivyo mara ngapi sijui. Tulipofika "put off" kule kwenye jiwe nikakueleza kwamba ni kuahirisha, nikakuomba mfano, ukaandika kwa herufi kubwa kabisa: "Mamdogo puts off Mwalimu Bahati." Nililifuta kwa mguu, lakini bado linasomeka. Nimelikalia sasa hivi.

Nilipowaona mmekata kona, nikawaanua dagaa, nikavaa ile sketi ya mkutano wa wazazi, nikateremka mpaka bandani. Nilipita mlango mara ya kwanza nikaenda mbele kama mtu mwenye safari zake. Mara ya pili nikasimama. Alikuwa anagongomelea mguu wa benchi. Nikamwamkia. Akaitikia, akainuka, akaanza kusema Kiingereza kama kawaida yake, mbio, na misumari iko mdomoni. Sikuambulia kitu. Minza, ulimi wangu ulikuwa tayari umekwenda mahali pake pa zamani. Nilishaisikia ile "y" ikianza.

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimesimama. Nikapeleka mikono nyuma.

"No, sir," nikasema. "Sijaelewa."

Akatoa misumari mdomoni. Akanitazama, kisha akacheka, na nikajua kicheko hicho ndicho alichokucheka wewe, na hakina ubaya hata kidogo. Akasema kumbe ni ugonjwa wa ukoo. Halafu akarudia kwa Kiswahili. Alikuwa ameniuliza tu kama Jumatatu inanifaa.

Nikamwambia inanifaa. Akaniuliza nitaanzaje. Nikamwambia nina neno moja tu la kubadilisha. Sitawauliza kama wameelewa. Nitawauliza nani hajaelewa, na mkono wa kwanza kunyooka utakuwa wangu, ili wa pili asione yuko peke yake.

Kwa hiyo Jumatatu, wakati wewe unasimama kule ng'ambo, na mimi nitakuwa nimesimama huku. Naogopa sana. Nafikiri nitamkalia mtu mapajani tena.

Nawasikia mnapanda mlima. Bibi bado anasema ya kufuli, kwamba ufunguo usiuvae shingoni au uuvae, sijasikia vizuri kutoka huku, na wewe unaitika kila neno, ndiyo Bibi, ndiyo Bibi. Ninashuka sasa nikupokee ndoo. Nitakuuliza Bibi amesema nini. Kama hujui, weka mizigo chini, simama, mwambie Bibi hujasikia.

Mama yako mdogo, aliyekuwa Yesmadam,

Kabula